Pakiti Kumi na Moja za Chumvi

Kogo,

Tangu tukuzike, kutoka Mulot mpaka Kapkatet hakuna mhubiri wa kunifikia mimi mjukuu wako, nyanya yangu. Nikifungua mdomo pale senta ya kuuzia majani ya chai, hata ng'ombe wanaacha kucheua wasikilize. Juzi mama mmoja alisahau kikapu chake kwa foleni ya mizani kwa sababu ya utamu wa maneno yangu. Najua ungesema nini: "Redio, punguza sauti." Sipunguzi. Nani atanipunguza sasa?

Habari za hapa ni hizi. Ng'ombe wako mweusi amezaa ndama jike. Majani yako nachuma mimi, na ile fimbo yako nailaza juu ya michai kama ulivyonifunza, kwa hivyo shamba liko sawa kama kitanda cha mgeni. Halafu shangazi alipofagia jikoni alipata pakiti kumi na moja za chumvi nyuma ya chungu. Watu wakasema uzee ulikuwa umekuchanganya. Mimi sikucheka (sawa, nilicheka kidogo) kwa sababu nilijua. Chumvi ilikuwa njia yako ya kufika kwa Baba Njoroge, yule mwenye duka la mafuta taa na chumvi pale Silibwet, mtu ambaye kanisa hakutaka hata kulisikia.

Kila Jumanne tulienda. Kila Jumanne anakutega na swali lile lile: Kaini alioa nani, na hao watu wengine walikuwa wametoka wapi? Mimi nawashwa nijibu. Wewe unamwambia tu, "Tukifika mbinguni tutamuuliza mwenyewe. Binti yako anaendeleaje?" Maana binti yake alikuwa wa kuingia na kutoka hospitali. Halafu chumvi, halafu nyumbani. Siku moja nikakukasirikia njiani, nikasema unamwacha atushinde. Ukainua fimbo: "Unachuma tu majani yaliyosimama juu ya hii. Ukichuma kila jani, kikapu kitajaa na kwa mizani utarudishiwa yote." Nikakwambia Baba Njoroge si mchai. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwa nyasi.

Asante kwa kicheko hicho. Asante kwa kunitembeza kila mahali, mimi wa darasa la sita, ukiwaambia watu, "Huyu ndiye macho yangu," kisha unanipa Biblia nisome. Nikikwama kwa neno, ulingoja tu, kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Hukunitajia hata moja. Kila kitu kizuri kilichoko mdomoni mwangu ulikiweka wewe, Kogo. Kelele tu ndizo zangu.

Sasa... nimezunguka vya kutosha.

Wiki moja baada ya mazishi nilienda dukani peke yangu. Lori la majani lilikuwa limechelewa, watu wamejaa hapo nje. Baba Njoroge akaegemea kaunta, akasema pole pole: "Yule mama alikuwa anamwombea binti yangu. Sasa nimebaki mwenyewe. Mtu huanza aje kuomba?"

Na mimi jibu la Kaini nilikuwa nimelitafuta miezi mitatu, nimelikariri, limenijaa mpaka hapa kooni. Nikapanda juu ya kreti ya soda, nikawaeleza Kaini na ukoo wake wote, kwa sauti ile unayoijua. Watu wakapiga makofi. Baba Njoroge akasema, "Asante, mhubiri," akarudi kupima mafuta taa. Tangu siku hiyo akiniona anaingia nyuma, mke wake ndiye ananiuzia.

Lala salama, Kogo. Kesho ni Jumanne. Nitaenda kununua chumvi, nitauliza binti anaendeleaje, halafu nitanyamaza hata kama itaniua. Na Jumanne nyingine tena, mpaka jikoni pajae. Nakuahidi. Lakini ujue haya kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine: lile swali ulilolingojea miaka yote aliniuliza mimi, tena mara moja tu, na mimi nilikuwa naangalia watu wangapi wananiangalia.