Jina Letu na Mshumaa wa Floarea

Ineu, Arad,
9 Novemba 2011.

Mpendwa mdogo wangu Sever,

Hamjambo huko Zaragoza? Mgongo wa mkeo Marinela unaendeleaje? Sisi tupo, tunajikongoja. Mama kikohozi hakijamwacha, nami nimechoka, Sever, nimechoka hoi.

Umeuliza maana ya jina letu, eti Ilinca kaulizwa shuleni. Mwambie mwanao kwamba Abrudeanu ni mtu wa Abrud. Marehemu baba alikuwa akisema Warumi waliuita mji ule Abruttus, enzi za machimbo yao ya dhahabu. Ule mkia “-ean” ndio unaomfanya mtu awe wa mahali fulani. Na “u” ya mwisho ni masalia ya “ul”, yaani “yule”: yule wa Abrud. Hiyo “l” ilidondoka njiani, na hakuna aliyerudi kuiokota.

Ila Abrud kwenyewe, nani angemwita mwenzake hivyo? Wote ni wa pale pale. Jina hili babu yake babu alipewa na watu wa huku, alipohama asirudi tena.

Sasa nikupe ya hapa. Mama kajichongeshea msalaba wa kaburi kando ya baba, kama wazee wote wa huku: jina, mwaka wa kuzaliwa, na nafasi ya mwaka ule mwingine. Tena bila kuniuliza, akaagiza na jina lako lichongwe chini ya lake, usije ukazikwa ugenini. Basi siku ya kuwasha mishumaa makaburini, jirani yetu Floarea akaliona, akadhani umekufa. Akakuwashia mshumaa, akalia kweli kweli.

Mama akamfokea mbele za watu: “We Floarea, una wazimu? Mwanangu mzima!”

“Haya, mzima,” Floarea akasema. “Mbona haji?”

Mama akageuka, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Nampikia supu ya kuku, anazungusha kijiko tu. Inaniuma, Sever, na mimi peke yangu siwezi tena.

Shangazi Sabina anawasalimu sana. Wabusu Marinela na Ilinca. Mungu awape afya, na awafungulie njia.

Krismasi njoo. Usilete kitu. Nataka tu mama akushike mkono, mpite polepole mbele ya lango la Floarea.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Veturia