Siku Nilipotoa Viti Nje

Jumapili, Juni. Songea, baridi ya kukunja vidole.

Tangu asubuhi mlima wa Matogoro hauonekani kwa ukungu, na hata sasa alasiri jua limechungulia tu likaondoka zake. Niko mjini, kwenye chumba cha intaneti, kompyuta ya pembeni kabisa, nimevaa sweta mbili na ninachapa kwa vidole viwili. Ninaandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa Songea anayejua kuwa nina blogu, na haya ninayotaka kusema sikuwa nimemwambia mtu. Yaani, mpaka jana.

Wiki mbili zilizopita mimba yangu iliharibika.

Nimeiandika. Sentensi yenyewe fupi, lakini nimeifuta mara kadhaa kabla ya kuiacha hapo.

Ilikuwa ya miezi minne, tena ya kwanza. Nilikuwa nimeificha chini ya sweta hizi hizi, maana kwetu Upareni mimba haitangazwi, hungojwa ijitangaze yenyewe. Nilikwenda hospitali nayo, nikarudi na mfuko wa khanga zilizofuliwa. Nesi, mama mmoja mpole, aliniambia alikuwa wa kike. Sikumwuliza zaidi. Hakuna kaburi. Hakuna aliyekuja kunipa pole, kwa kuwa hakuna aliyejua kuna mtu wa kupewa pole. Shuleni ninakofundisha nilisema ni malaria, na malaria haiulizwi maswali.

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Changu kilikuwa cha mtu mmoja.

Labda wawili. Mume wangu alinishika mkono tukitoka hospitali akasema, "Mungu atatupa mwingine." Alisema kwa wema, najua. Ila mimi sikumtaka mwingine, nilimtaka yule. Baada ya siku chache akaondoka kwenda Namtumbo. Tangu apunguzwe kazi kwenye ushirika anawanunulia tumbaku wafanyabiashara binafsi, na msimu haumsubiri mtu. Kabla hajaondoka niliona kitu kimoja: huwa akinyoa ndevu anaimba nyimbo za kanisani, tena kwa sauti mbaya kweli kweli. Sasa ananyoa kimya. Sikumwuliza kwa nini. Sisi wawili tumekuwa mabingwa wa kutoulizana.

Na Mungu naye nilikuwa nimemnunia. Jumapili mbili sikukanyaga ibadani. Nilikula bila kushukuru, nikalala bila kusema neno. Niliona kama nikinyamaza vya kutosha atajua amekosa. Ualimu umeniharibu, nilitaka kumsimamisha Mungu kwenye kona ya darasa.

Jana Jumamosi niliamka na hasira isiyokuwa na mtu wa kupelekewa, nikaamua kuipeleka kwenye sakafu. Nilitoa viti vyote vya sebuleni, na meza, na stuli, nikavipanga uani upande wa barabarani. Nikasugua saruji kwa brashi mpaka mabega yakauma. Halafu tumbo likaanza kunivuta. Nikatandika mkeka pale palipokauka, karibu na mlango, nikakaa chini nimenyoosha miguu, nikajitanda khanga kichwani kwa ajili ya baridi.

Kilio kikanijia hapo. Sikukiita. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Wewe unayesoma umeshaelewa nilichokifanya. Mimi, kwa uchovu, jambo hilo halikunipitia akilini. Nyumba yenye msiba hutolewa viti nje ili watu wakae chini kwenye mikeka. Sebule tupu, viti uani, mlango wazi, mwanamke kajitanda khanga chini analia. Nilikuwa nimewatangazia watu wa mtaa wetu wa Mjimwema kifo.

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Ngonyani, anayekaa ng'ambo ya barabara. Alikuja na gogo begani. Nilimwamkia shikamoo katikati ya kwikwi, akavua kofia. "Marahaba. Pole, mlongo wangu." Ndivyo Wangoni wanavyomwita ndugu, nami si ndugu yake, ni mpangaji niliyeletwa huku na uhamisho. Hakuuliza nani wala lini. Alikwenda uani akawasha moto wa wanaume, akavuta kiti changu kimoja, akakaa, akakunja mikono.

Kabla sijajua la kufanya, wanawake walikuwa wanaingia. Mbele yao Mama Fausta, mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki mtaani kwetu, khanga imefungwa kiunoni. Nyuma yake waliobeba unga, waliobeba maharage, waliojitwika kuni, na mmoja na sufuria ambayo ningeweza kuogea ndani yake. Nikataka kuinuka niwaambie wamekosea. Wakanikalisha. Huku mfiwa haruhusiwi hata kusimama akachote maji yake mwenyewe.

Aibu iliyonishika siwezi kuieleza. Mimi ni Mlutheri, nyimbo zao sizijui, na wengi wao tulikuwa tunasalimiana tu bombani. Walikuwa wameacha mahindi yao hayajapukuchuliwa kwa sababu yangu. Nilianza kutafuta uongo. Nina shangazi kule Same, mzima wa afya kabisa, na nakiri kwamba kwa dakika moja nilikaribia kumwua.

Mama Fausta akakaa kando yangu, bega kwa bega, akaniuliza polepole.

"Mwalimu, nani ametutoka?"

Shangazi alikuwa mdomoni. Sijui kwa nini hakutoka.

"Hakuna msiba, mama," nikasema. "Nilikuwa nasafisha nyumba. Ila... mimba yangu ilitoka. Wiki mbili sasa."

Nikangoja waanze kukusanya vitu vyao. Nisingewalaumu. Mimba ikiharibika haiwekewi matanga, kwetu haiwekewi na kwao haiwekewi, mwanamke hulala siku mbili akaamka akaendelea na kazi. Nilitazama sakafu yangu iliyokuwa imelowa nikajiona mjinga kupita kiasi.

Mama Fausta aligeuka akawaambia wenzake, "Injikeni maharage." Kisha akanigeukia mimi. "Msiba upo, mwanangu. Tumechelewa tu."

Wakatoa rozari. Sikujua nianzie wapi, nimalizie wapi. Wao waliendelea, sauti zikipanda na kushuka pamoja, nami nimeinamisha kichwa kati ya mabega yao. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku sikuwa na kazi ya kujikaza.

Sikuomba. Niliombewa.

Mwishoni wakaingia sala ya marehemu. Mama Fausta akafika pale panapotajwa jina, akasimama. Nilidhani ataruka. Hakuruka. Aliningoja, na wote wakaningoja, hata yule aliyekuwa akikoroga sufuria jikoni aliacha.

Jina lilikuwapo. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, kwa hiyo nilikuwa nalo tangu siku nilipoambiwa ni wa kike. Sikuwa nimelitamka mbele ya mtu yeyote, hata mume wangu.

"Raheli," nikasema.

Akalipokea, akaliweka mahali pake katika sala, na wanawake wote wakaitikia. Jina la mwanangu lilipita katika midomo ya watu ambao majina yao wenyewe nilikuwa siyajui. Nililia tena, lakini hiki kilikuwa kilio kingine.

Tulikula ugali na maharage kwenye mikeka. Aliyeninawisha mikono alinong'ona kwamba naye anao wawili wa namna hiyo, wa miaka mingi, na hajawahi kuwapa majina. Nilimshika mkono ukiwa bado na maji, tukakaa hivyo kidogo, halafu akaenda kumnawisha mwingine.

Sitasema nimepona. Leo asubuhi nimeamka na uzito ule ule kifuani. Sijui pia kama Mungu alikuwa ananijibu, na bado nina maneno yangu naye. Ninachojua ni kwamba nilinyamaza ili aumie, na badala yake watu walikuja na kuni. Leo nimekwenda ibadani. Nimekaa benchi la nyuma kabisa, sikuimba, lakini nimekaa mpaka mwisho.

Kuna jambo moja linaninyima raha.

Walipokuwa wanaondoka jana, Mama Fausta hakuniita Mwalimu. "Haya, pumzika, Mama Raheli," alisema, na Mzee Ngonyani akalirudia alipokuwa ananiaga. Leo nikitoka kanisani nimesalimiwa na mama mmoja nisiyemfahamu vizuri: "Umeamkaje, Mama Raheli?" Nikaitika. Niliitika upesi mno, kama jina nililozaliwa nalo.

Na mume wangu hajui. Anarudi kesho mchana na lori la Namtumbo. Atashuka stendi, atatembea kuja nyumbani, na kabla hajafika mlangoni Mzee Ngonyani atavua kofia ampe pole, amwite Baba Raheli. Ni jina la mama yake. Huenda alikuwa analiweka kwa ajili ya huyo mwingine atakayekuja. Nimelitoa bila kumwuliza, mbele ya mtaa mzima, nikampa mtoto ambaye hakuwahi hata kupiga chafya. Haliwezi kurudishwa sasa. Naogopa atakasirika. Naogopa zaidi kwamba atanyamaza.

Nimelifikiria tangu nilipokaa kwenye kiti hiki, na mwenye chumba ameshaanza kunitazama.

Kesho nitaomba ruhusa shuleni, niende stendi nimngoje mimi mwenyewe. Nitamwambia pale pale atakaposhuka, vumbi la tumbaku likiwa bado kwenye koti lake. Akikasirika, akasirike mbele yangu. Akilia, nitamwazima khanga. Halafu hatutapanda gari. Tutarudi kwa miguu, polepole, tukipita mbele ya kila nyumba, na watakaotuita kwa jina la binti yetu, tutawaitikia wote wawili.