Mgonjwa wangu ana akili zake

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, matope mpaka mlango wa wodi. Nimekasirika na sitaki kutulizwa.

Wiki hii tunao madaktari bingwa kutoka hospitali ya chuo kikuu, kulekule nilikosomea udaktari. Wamekuja huku Ngara kufanya upasuaji, Ijumaa wanaondoka. Kiongozi wao ni profesa aliyenifundisha. Mikono yake ni dhahabu, hilo silipingi. Mbele yake mimi ni mwanafunzi tu, hata nikivaa koti jeupe mara mbili.

Mgonjwa wangu ni mama mmoja mkulima wa upande wa Benaco, Mhangaza kama mimi. Ana rovu kubwa shingoni. Uji anaumeza kwa shida, na siku hizi analala ameketi maana akijinyoosha hapumui. Nilimwambia vumilia, mabingwa watakuja. Akavumilia, maskini. Wakiondoka bila kumfanyia, sidhani kama atawaona wakirudi.

Asubuhi tukapita wodini. Mumewe yuko mbali anachunga ng'ombe, kwa hiyo aliyemleta ni baba mkwe wake. Mzee kasimama pembeni ya kitanda, kofia mkononi. Profesa akataka kujua kama mama ana ufahamu wa kutosha kuridhia upasuaji. Akamnyooshea mzee kidole: "Huyu ni nani? Anaitwa nani?"

Mama akavuta khanga usoni, akageukia ukutani.

Akaulizwa tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Profesa akawageukia wenzake: "Amechanganyikiwa. Hawezi kutoa ridhaa. Mwondoeni kwenye orodha."

Jamani! Bibi yangu amezeeka bila kulitamka jina la baba mkwe wake, hata kanisani. Kwetu mke wa mtu halitamki, na mzee mwenyewe akiwa amesimama pale ndiyo kabisa. Yule mama alikuwa anamtunzia mkwewe heshima, wao wanamwandikia wazimu!

Nikasema hapana.

Nilisikia wauguzi wakivuta pumzi kwa mshtuko. Profesa hajazoea hilo neno. Lakini mdomo ulishafunguka. Nikamwambia mzee, "Shikamoo baba, naomba utupishe kidogo." Akaitikia marahaba, akatoka. Nikainama nikamuuliza mama kwa Kihangaza: tunataka kukufanya nini?

Akafunua uso. Alijibu taratibu, nami nikatafsiri neno kwa neno: "Mnataka kukata hili rovu. Naweza kufa. Naweza kupona nikabaki bila sauti. Nimekubali, kwa sababu nyumbani nina mtoto anayenyonya na nimechoka kulala nimekaa. Sasa mwambie huyo mkubwa wako, jina la mkwe wangu linamsaidia nini kwenye shingo yangu?"

Muuguzi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Profesa hakucheka. Akaniuliza kama nimesahau kwamba mwakani naomba nafasi ya kusomea ubingwa kwao. Nikamjibu sijasahau. Akaniuliza, na likiharibika jambo? Nikasema andika jina langu kwenye lawama, litaje tu, mimi sina mkwe hapa.

Akawageukia wauguzi. Kisha akasema, "Mrudisheni. Awe wa kwanza kesho. Na wewe utanisaidia."

Sijui kama hiyo ni heshima au ni adhabu, na wala sitamuuliza. Walionifundisha wanajua mengi kuliko mimi, nitaendelea kujifunza kwao. Lakini kumwogopa mwalimu mpaka mgonjwa afe, huo si unyenyekevu. Ni upuuzi. Kama nafasi ya ubingwa inauzwa kwa bei hiyo, wakae nayo!

Kesho asubuhi nitasimama ng'ambo ya meza, yeye upande wake, mimi wangu, yule mama katikati. Akiniuliza kitu nitajibu. Asiponiuliza, nikiona kitu kinakwenda vibaya, nitasema vilevile.