Trekta Jekundu la Masista

Monasterini, ng'ambo ya Msalato
3 Septemba 2023

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti halikusumbui sana asubuhi kukiwa na baridi. Mimi sijambo. Nakula vizuri na kulala vizuri.

Barua zangu hujazijibu tangu niingie huku, nami sikulaumu. Mama alipotutoka ulibaki na mimi tu, kisha nami nikaondoka. Leo nakuandikia kwa kuwa wewe ni fundi.

Tuna trekta dogo la bustani, jekundu, lililoletwa na masista wa kwanza kutoka ng'ambo kabla sijazaliwa. Ndilo linalolima katikati ya mistari ya mizabibu. Tangu mvua zilizopita halijawaka. Alikuja fundi mmoja kutoka mjini, akalizunguka, akacheka, akasema vipuri vyake vitafutwe makumbusho. Wengi wetu humu ni bibi, jembe hawaliwezi tena. Mama Mkuu amesema mvua zikitukuta shamba halijalimwa, mizabibu itang'olewa tubaki na kuku. Sista Evelina, ambaye aliipanda kwa mikono yake, tangu asikie hayo hamalizi chakula.

Nikizungusha ufunguo linasema "tik" moja, basi. Mama Mkuu ameruhusu uje uliangalie. Tafadhali njoo.

Barua anakuletea Habibu, yule Mrangi anayetuuzia vitunguu. Huwa anapita Nzuguni.

Mwanao,
Sista Anitha


Nzuguni
21 Septemba 2023

Anitha,

Salamu. Mimi mzima.

Huko siji. Siku unaondoka nilikwambia mlango ule sitaupita, na sijabadilika. Lakini mashine haina kosa.

"Tik" moja maana yake umeme ni mdogo au umekosa njia. Tazama vichwa vya betri. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, fungua nyaya, ukianza na hasi, uvioshe kwa maji ya moto yenye magadi. Yasiingie ndani ya betri. Ufuate waya wa hasi hadi pale ulipofungwa kwenye bodi, kwangua kutu mpaka chuma king'ae. Betri mpe Habibu, nitaichaji hapa.

Jambo lingine. Matrekta ya aina hiyo huwa na swichi kwenye kanyagio la klachi. Usipokanyaga mpaka mwisho, stata haizunguki hata betri iwe mpya. Nani anaendesha huko?

Usikisie. Gusa kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine.

Fundi Silvano


Monasterini
8 Oktoba 2023

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Baba, na kwa Kigogo chetu, mbukwenyi. Sijui nikueleze vipi furaha ya kuona mwandiko wako. Niliisoma barua nikiwa nimesimama kwenye banda la kuku, nikairudia.

Umeuliza nani anaendesha. Ni mimi.

Unga ulikuwepo, mwingi, kama chumvi imemwagwa. Waya wa hasi ulikuwa umeshikwa na kutu tu. Nimefanya kama ulivyosema, na betri uliyoichaji ilipofika nikakanyaga klachi mpaka mwisho, nikazungusha ufunguo. Baba, linazunguka! Linazunguka kwa nguvu hadi kuku wametawanyika. Sista Evelina alikuwa amekuja na kigoda chake kutazama. Akasema, "Sasa liwake." Halikuwaka. Nilijaribu mpaka betri ikaanza kuchoka, nikaacha nikakumbuka: usikisie.

Nifanye nini?

Mwanao,
Anitha


Nzuguni
27 Oktoba 2023

Mwanangu Anitha,

Hujambo? Mimi sijambo, goti linauma kama kawaida ya goti.

Umefanya vema kuacha. Sasa tutafute kama kuna cheche. Petroli yote ikae mbali, na mfuniko wa tangi uwe umefungwa. Sukumeni trekta ndani ya stoo kwenye giza kidogo. Fungua plagi, irudishe kwenye waya wake, uilaze juu ya injini chuma kiguse chuma. Usiishike kwa mkono. Mtu mmoja azungushe ufunguo, wewe utazame ncha yake.

Usipoona kitu, ubavuni mwa injini kuna kifuniko kidogo. Ndani yake utakuta pointi, vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Zitakuwa nyeusi. Zisugue taratibu kwa msasa huu laini, uzifute kwa karatasi safi. Kisha zungusha injini kwa mkono mpaka ziachane kabisa, upitishe bamba hili jembamba nililoweka kwenye bahasha. Lipite kwa kujisugua, lisipwaye.

Kondensa, kile kikopo kidogo kilichounganishwa na pointi, nimeihangaikia mji mzima. Nimeipata Miyuji, kwenye injini ya pampu iliyokufa zamani, nikaipima, ni nzima. Habibu anayo. Ifunge badala ya ile ya zamani.

Nimefungua injini tangu ujana wangu na jambo hili bado linanishangaza. Vile vyuma viwili vikishikamana tu, hakuna kitu. Ni pale vinapoachana ndipo moto unapozaliwa, mahali pengine kabisa, kwenye ncha ya plagi. Najua sababu yake, naweza kukuchorea. Lakini kujua sababu hakujawahi kuniondolea mshangao.

Angalia vidole.

Baba yako


Monasterini
19 Novemba 2023

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Sote wazima.

Mara ya kwanza hatukuona kitu, giza tupu. Nikafungua kifuniko, nikakuta pointi nyeusi kama ulivyosema. Nilizisugua, nikafunga kondensa, nikapitisha bamba lako, nikarekebisha mpaka likajisugua. Sista Evelina akakaa kwenye kiti cha trekta kuzungusha ufunguo, maana alikataa kumwachia mtu mwingine.

Baba, niliiona. Ndogo kuliko punje ya mtama, na rangi yake ya buluu sijawahi kuiona mahali pengine, si angani wala kwenye vioo vya kanisa. Ilikuwa inalia, ta, ta, ta. Sista Evelina akauliza huko juu, "Kuna nini?" Nikamwita ashuke aone, mwingine akazungusha. Alitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Na hiki kilikuwa humu siku zote?" Nikamwambia kilikuwa kimekosa njia. Akafanya ishara ya msalaba, nami nikafanya.

Ulikuwa unaiona hii kila siku pale gereji, ukarudi nyumbani ukala ugali kama watu wengine?

Bado haliwaki. Petroli iliyomo inanuka kama rangi ya mlango. Nadhani imeoza. Nimwage yote?

Mwanao,
Anitha


Monasterini
8 Desemba 2023

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Hujajibu, na Habibu amekuta gereji imefungwa. Kama unaumwa, tuma neno.

Mawingu yanakusanyika, sikuweza kusubiri. Nilimwaga petroli yote, nikafungua kikombe cha kabureta, nikakikuta kimejaa ute wa kahawia, nikakisafisha. Nikatia petroli mpya. Nikakanyaga klachi. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likakohoa tena, kisha likashika. Ardhi ilitetemeka chini ya miguu yetu. Mama Mkuu alitoka ofisini akasimama kizingitini, mkono kifuani.

Kesho naanza kulima. Niandikie, Baba.

Mwanao,
Anitha


Nzuguni
18 Desemba 2023

Mwanangu Anitha,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, na masista hawajambo? Nimefika nyumbani salama, matope tu njiani.

Juzi pale chumba cha wageni tulizungumza habari za oili, za majirani na za malaria iliyonilaza mwezi uliopita. Sista wa mlangoni akaleta chai, akaleta tena. Nililotaka kukwambia halikutoka. Nakuandikia.

Nilipofika huko sikupiga kengele ya mlangoni. Nilisikia injini nikiwa bado barabarani, nikazima pikipiki, nikaenda kusimama kwenye uzio wa minyaa upande wa shamba. Kwanza nilisikiliza kama fundi. Inavuta vizuri. Ikipata mzigo inakohoa kidogo, tutairekebisha.

Kisha nikakuona. Umekunja mikono ya kanzu, shela umelibana nyuma kwa kibanio cha nguo. Wale bibi wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, wanatazama kama watu waliokuja harusini. Udongo ulikuwa unafunguka nyuma yako na ndege wanaufuata. Ulipofika mwisho wa mstari uligeuza bila kuangalia mikono yako. Mimi sikukufundisha hilo.

Kengele ya saa sita ikalia. Ukazima. Nimezima injini nyingi maishani, lakini kimya cha namna ile sijawahi kukisikia. Ulishuka, ukapiga magoti palepale kwenye matuta, mikono ina grisi, na wale bibi wote wakainamisha vichwa. Matone yakaanza kuanguka, makubwa, yakipiga bati la trekta lililokuwa bado la moto na kutoa mvuke. Hakuna aliyekimbia.

Nilivua kofia. Nilimvulia nani, sijui. Nilibaki nayo mkononi, mvua inanipiga kichwani, mpaka mliposimama.

Ndipo nikaenda kupiga kengele.

Baba yako,
Silvano