Mshale wa Dada Yangu Robi

Kemambo, Jumapili, tarehe 8 Februari. Leo natimiza miezi saba tangu nitoke nyumbani Kisaka.

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba. Kifua kinanisumbua kidogo, lakini kuchimba dhahabu bado nachimba. Msalimie bibi yako.

Unasema jeshi limekuchagua kwenda kikosi cha wapiganaji, na baba yako amekataa. Anasema mimi ndiye niliyemfundisha kwamba vita si kazi ya mwanamke. Unaniuliza nasemaje.

Baba yako amekua akisikia jinsi nilivyompiga mshale mwizi wa ng'ombe nikiwa kijana. Bhoke, si mimi. Wezi walikuja wakati wanaume wetu wako mnadani, nikajificha nyuma ya ghala. Dada yangu Robi akachukua upinde wa baba, ambao kwetu mwanamke alikuwa haruhusiwi hata kuugusa, akampiga mmoja pajani. Wakakimbia, ng'ombe wakabaki.

Wazee walipofika wakauliza, "Nani ameshika upinde huu?"

Robi akainamisha kichwa kwa hofu. Nikasema, "Mimi."

"Huyu ndiye mwanaume!" wakashangilia, wakanipa mtamba.

Robi akaninong'oneza, "Haya, mwanaume, kamfunge mtamba wako."

Nikisema nilitaka kumwokoa na adhabu, nitakuwa nadanganya tena. Nilipenda kusifiwa. Robi amekufa sijamwomba radhi.

Usibishane na baba yako. Jambo hili siwezi kumwambia kwa simu. Natoka hapa Ijumaa ya tarehe 20, na Jumamosi nitakaa mbele yake nimweleze, kabla siku yako ya kuripoti haijapita.

Babu yako