Maji Moto ya Mama Mkwe

Koekelberg, Bruxelles
Februari 1993

Dada yangu Zubeda,

Pokea salamu za mdogo wako anayekuandikia akiwa amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba. Assalamu alaykum wewe na wote waliokuzunguka. Hali yako vipi, na lile jino unalolituliza kwa karafuu badala ya kulipeleka kwa daktari? Shemeji mzima? Na ukuta wa uani ulioangushwa na mvua, fundi amerudi au bado anaapa tu kwamba atakuja kesho? Sisi hapa wazima, tunamshukuru Mungu. Saada hajambo, mtoto Salma ameota meno na anatuuma wote bila upendeleo. Mama mkwe naye, ah, huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Kaa kitako, sogeza chai karibu, maana wewe ndiye uliyepeleka posa kwao, kwa hiyo na haya yanakuhusu.

Habari kubwa ni hii: Jumamosi tunakwenda mapumziko. Mimi Rajabu wa mtaa wa Buyenzi, niliyekuwa nikidhani mapumziko ni kulala Ijumaa baada ya sala, nakwenda siku chache katika mji wa maji moto chini ya milima ya Alpi, Ufaransa. Unaitwa Aix-les-Bains. Wazungu wakiumwa mifupa hukimbilia huko, wanajiloweka katika maji yanayotoka ardhini yakiwa tayari na moto wake, wanarudi wanatembea. Kuna ziwa, na ng'ambo ya ziwa kuna mlima. Nilipoona picha nikamwambia Saada, hii ni Bujumbura yetu, imemwagiwa theluji tu. Lakini mpaka kuifikia Jumamosi hiyo, tumehangaika.

Unajua mama mkwe alikuja huku kwa ajili ya uzazi wa Saada. Alikuta kiangazi. Jumapili akipanda basi mpaka soko la Gare du Midi, akirudi na mnanaa na samaki, akiwa amewakemea wauzaji kwa Kiswahili nao wakampunguzia bei kwa kuogopa. Dirishani akiona kuba kubwa la kijani la kanisa la Koekelberg, husema, "Msikiti mzuri, wamekosa muadhini tu." Basi ilipoingia baridi, magoti yakagoma. Daktari akasema ni uzee na ubaridi, akampa vidonge. Nyumba yetu iko ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Lakini kilichomuumiza zaidi si ngazi, ni sala. Tangu Novemba anasali kwenye kiti, na Ramadhani hiyo inakuja, na hamu yake yote ni kusali tarawehe akiwa chini mkekani, paji la uso limegusa ardhi. Siku moja nilimsikia jikoni akiliambia birika: "Wewe birika, umeshaona mtu anamwomba Mungu wake amekaa kama karani wa posta?"

Najua unacheka. Ndiyo, birika. Mila zetu unazifahamu, mtu na mama mkwe wake hawasemezani uso kwa uso. Huko kwenu nyumba zina uani na milango miwili, mkwe mmoja akiingia huku mwingine anatokea kule. Sisi tuna vyumba viwili na korido moja nyembamba. Saada akiwepo, maneno hupitia kwake. Asipokuwepo, mama huongea na birika, na mimi nasikia. "Wewe birika, mwenye nyumba hajagusa wali wake." Nami naujibu ukuta: "Wali nimeuona, Mungu ambariki aliyeupika." Tumeishi hivyo zaidi ya nusu mwaka, tena kwa amani kuwashinda wengi wanaosemezana.

Sasa kichekesho ni kwamba kazi yangu mimi ni kuogesha wazee. Niko katika nyumba ya wazee hapa hapa Koekelberg. Kila asubuhi nawaogesha akina bibi wa Kizungu, nawapaka mafuta magotini, nawavisha soksi, nao wananiita "mon petit", kijana wao mdogo. Mama za watu wote nawatunza, ila mama wa mke wangu siruhusiwi kumwona hata kisigino.

Ni nesi mmoja wa kazini, Mbelgiji, aliyenipa habari za Aix, maana shangazi yake huenda kila mwaka. Saada alifurahi mpaka akapiga kigelegele, jirani wa chini akagonga dari. Tukapata viza, tukaweka chumba hotelini, nikanunua minyororo ya kufunga kwenye matairi wakati wa theluji, ambayo mpaka leo sijui inavishwa kuanzia wapi. Kilichobaki ni mama kukubali. Nikaleta kijitabu cha picha kutoka kwa watu wa safari, nikakiacha mezani, kwa kuwa siwezi kumkabidhi mkononi.

Kumbe ndani yake kuna picha ya bwawa linalofuka mvuke, na bwawani wanaume kwa wanawake, mabega wazi, matumbo wazi, wanachekeana kama wako harusini. Mama aliitazama kwa muda mrefu.

"Wewe birika," akasema, "na gari ataendesha nani?"

"Rajabu, mama," Saada akajibu kwa niaba ya birika.

Mama akakifunga kijitabu, akakifunika na sahani.

Kesho yake akaamka amepona. "Alhamdulillahi," akamwambia Saada, "magoti yamefunguka. Safari ya nini tena?" Akawa anapita koridoni mgongo umenyooka, anabeba ndoo, anapanga vyombo vya kabati la juu. Nami unajua, kwetu mama mkwe akisema amepona, mkwe hana budi kusema alhamdulillahi. Bibi yeyote wa kazini ningemwambia, kunja mguu nione. Lakini goti la mkwe haliulizwi. Nikapiga simu hotelini, nikavunja safari. Saada alikuwa na shaka. "Mais Rajabu, magoti hayaponi kama mafua," aliniambia chumbani. Lakini naye ni mtoto, na mtoto hamwambii mama yake umesema uongo.

Wiki iliyofuata nilitoka kazini mapema. Saada alikuwa amempeleka Salma kliniki. Nikafungua mlango wa chini wa jengo, nikasikia mtu anahema ngazini. Kuinua macho, ni mama, katoka kununua vitunguu, anapanda ngazi akiwa amekaa. Anajivuta kwa mikono kinyumenyume, ngazi moja, anapumzika, anauvuta mfuko, anajivuta tena. Kanga imepanda, goti liko nje, limevimba linang'aa. Macho ameyafumba. Kila akijivuta anasema "Ya Rabbi" kwa sauti ndogo, majirani wasimsikie.

Dada, nimebeba wazee wengi, lakini sijawahi kupata uchungu kama ule. Nikienda kumwinua, nimemvunjia heshima yake yote. Nikimwacha, mimi ni mtu gani? Nikarudi nyuma taratibu, nikaurudisha mlango bila sauti, nikasimama nje kwenye mvua mpaka nikasikia mlango wa juu unafungwa. Kisha nikapiga kengele kama mgeni, nikapanda nikikohoa ngazi zote. Nilimkuta jikoni, wima kama askari, anakata vitunguu. "Wewe birika, mwenye nyumba amelowa." Nikauambia ukuta kwamba mvua ni kubwa. Halafu nikaingia chooni nikalia, nikafungua bomba ili asinisikie.

Siku ya pili nikapiga simu kule kwenye maji moto. Mama mmoja mpole akanieleza kuwa lile bwawa la pichani ni la wenye kujifurahisha. Wagonjwa kila mmoja ana chumba chake na hodhi lake, mlango unafungwa, na akitaka anahudumiwa na mwanamke. Basi ya sitara yalikuwa yamekwisha. Likabaki gumu zaidi: mama ameshasema amepona. Nani atakwenda kumwambia kwamba tunajua hajapona?

Nikamfuata Maman Béa huko Ixelles. Huyu ni mama wa Bukavu, na Kiswahili chake ni cha huko huko, anasuka nywele karibu na Chaussée d'Ixelles, anaimba kwaya, na ndiye shoga pekee mama mkwe aliyempata katika nchi hii. Nilimweleza yote huku akimsuka mteja, na mteja naye akisikiliza kwa raha zake.

"Papa Rajabu, ninyi batu ya Buyenzi muko na mambo!" alicheka mpaka kitana kikamponyoka. "Muko mu nyumba moja na munaongea na birika! Bon, unisikilize. Maman akishasema amepona, amepona. Hatutamurudisha mu bugonjwa. Mugonjwa nitakuwa miye."

"Kwani wewe unaumwa?"

"Donc hauone hii mugongo? Kusuka batu tangu asubuhi, unazani ni mugongo ya chuma? Munganga ananituma kwa maji ya moto. Alors, nani atanisindikiza? Mugonjwa anaweza kwenda yeye moja?"

Jumapili akaja kwetu ameshika kiuno, anaugulia kila ngazi, tena kwa ufundi, mpaka Salma akaanza kulia. Alipokaa akamshika mama mkono. "Maman, kule ni kwa bazungu, kila mutu na chambre yake, mulango unafungwa kabisa. Miye naogopa. Wewe utakaa mu chambre ya pembeni, utaingia kwa maji yako kidogo tu, juste nisisikie haya miye peke yangu."

Mimi nilikuwa koridoni najifanya natafuta kiatu. Saada alikuwa anakunja nepi ile ile kwa mara ya tatu.

"Kumwacha mgonjwa si dini," mama akasema mwishowe. "Saada, mwambie mumeo atengeneze gari."

Nilipiga simu hotelini kwa furaha hata nikasahau Kifaransa. Kwa bahati chumba kilikuwepo. Mpango wetu ni kwamba nitawafikisha mlangoni, kisha nitageuza gari niende upande wa pili wa ziwa, niwape mgongo, nitazame mlima mpaka wamalize. Mama ameanza kufunga mizigo. Ndagala, wale dagaa wetu wakavu, mchele, pilipili, sufuria mbili. Saada alipomwona anaviringisha birika kwenye taulo akamwuliza, kwani hotelini hakuna chai? "Chai ipo," mama akasema, "lakini huko nitaongea na nani?"

Sasa nikwambie ya jana. Tulikuwa tunatoka kwenda kumnunulia mama viatu vya theluji. Saada alitangulia kushuka na mtoto, mimi nikabaki kufunga madirisha. Nilipotoka nikamkuta mama bado amesimama juu ya ngazi, ameshika ukuta. Nikataka kurudi ndani mpaka ashuke.

"Rajabu."

Tangu nimwoe binti yake hajawahi kuniita kwa jina. Nikaitika, "Naam, mama," nikitazama miguu yangu.

"Siku ile ya mvua macho sikuyafumba yote. Nilikuona ulivyorudi nyuma. Nikakusikia ulivyokohoa." Akavuta pumzi. "Na mgongo wa Béa ni mzima kuliko wako. Mimi ni mtu mzima, si mtoto."

Akanyoosha mkono.

"Umenisitiri, mwanangu, Mungu akusitiri. Naumwa. Naumwa sana. Nishike tushuke."

Nikamshika. Nimeshika mikono mingi ya wazee, hakuna hata mmoja niliouogopa hivyo. Tulishuka ghorofa zote tatu polepole, yeye akitaja goti kila linapomchoma, waziwazi, kama mtu anayetua mzigo, na mimi nikimwambia weka uzito huku, mama, sasa huku. Saada alipotuona kule chini alimhamishia mtoto mkono mwingine, akatufungulia mlango.

Nisalimie shemeji, mwambie ukuta usimamishwe kabla fundi hajazeeka. Msalimie shangazi wa Nyakabiga na mwalimu wangu wa chuoni, kama bado ananikumbuka kwa wema. Baba mkwe mfikishie salamu za mkewe na umweleze kuwa anakwenda kupunga upepo wa milimani, ila hili la kushikana mikono umfiche, atasema Ulaya imetuharibu. Jino ling'olewe.

Na alfajiri unaposujudu, Zubeda, bakia chini kidogo zaidi ya kawaida yako, kwa niaba ya mama, mpaka paji lake mwenyewe lifike mkekani.

Mdogo wako akupendaye,
Rajabu