Mkono wa Msumeno wa Maua

Jumanne, 7 Mei

Umeme ulirudi asubuhi. Nikakaa kazini haraka kabla haujabadili mawazo. Msalaba wa marehemu Muhindo. M, U, H, I, N zimetoka safi. Nilikuwa tumboni mwa D, nazungusha ubao polepole, nikasikia mlio mmoja mkavu. Msumeno ukatetemeka kama mtu mwenye malaria. Nikauzima.

Mkono wa chini umevunjika. Vipande viwili. Chuma cha kumimina, ndani ni kijivu.

Naandika ili nitulie. Msumeno una mikono miwili, wa juu na wa chini, na lame, ukanda mwembamba wenye meno, imenyooshwa katikati yao, inapanda na kushuka. Mtu anazungusha ubao tu. Hauna pupa ya vidole. Ndiyo maana ni wangu. Vidole vyangu vitatu vya kulia vilibaki kwenye mashine kubwa ya kupiga randa, kwa tajiri mmoja, zamani. Randa siwezi tena. Msumeno wa mkono siwezi. Jembe ndiyo kabisa. Lakini maua ya juu ya milango na majina ya misalaba nakata kuliko mwanaume yeyote wa mtaa huu, na wanajua.

Nimefunga mlango. Nimesema naumwa kichwa.

Jumatano, 8 Mei

Nimepeleka vipande kwa Mbusa wa soudure, mchomea vyuma. Aliviangalia, akavigonga kwa ukucha, akasema chuma cha namna hii hakipendi moto. Kisha akakichoma hivyo hivyo. Wanaume wa Butembo hawajui kusema siwezi. Kovu alilolifanya ni nene, linatisha. Mkono nimeurudisha mahali pake. Umeme hakuna.

Ijumaa, 10 Mei

Umevunjika tena, kando ya kovu. D bado haijaisha. Mbusa anasema nimeusukuma sana. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika. Nimelia njiani, tena si kwa huzuni. Kwa hasira.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya ibada Mama Katungu alinishika kiwiko. Yeye ndiye kiongozi wa wamama wa kanisa, na chumba ninachofanyia kazi ni chao. Wanakitoa kwa mwanamke anayefanya kazi. Amesikia mashine imenyamaza. Kuna wasichana wenye cherehani wanashonea barazani, mvua inawapiga. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Alisema kwa upole, na sababu zake ni za haki. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nikitoka pale naenda wapi? Kipese, kijijini, jikoni kwa kaka yangu. Nitakuwa shangazi wa kumenya viazi kwa mkono mmoja na nusu, wifi akinihurumia mbele ya wageni. Bora kufa. Hapana, si bora kufa. Ila sitaki.

Jumatatu, 13 Mei

Nimezunguka kwa wauza vyuma wote wa mjini. Hakuna aliyewahi kuuona mkono kama huu. Mmoja aliuliza kama ni wa baiskeli. Wa mwisho, mtu mwema, alinipa namba ya wakala wa mizigo huko Kasindi, mpakani, mwenye watu wake Kampala. Nimetandika kitambaa cheupe, nimepanga vipande juu yake, nimepiga picha, nimemtumia. Nikampigia pia kumweleza. Akasema, sawa mama, mashini yako nimeielewa.

Alhamisi, 16 Mei

Hakuna habari.

Jumamosi, 18 Mei

Wakala anasema kipande kimevuka mpaka. Kinangoja lori. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Nimefagia chumba, nimepangusa mashine hata mahali pasipo vumbi. Mama Kyakimwa alipita kuulizia msalaba wa mume wake. Nimemwahidi. Nilipaswa kunyamaza.

Jumanne, 21 Mei

Kimefika. Ni mkono wa cherehani.

Mpya, unang'aa, mzuri sana. Nilimpigia wakala. Hata aibu hakuwa nayo. “Mais mama, ulisema mashini. Na kitambaa kiko kinaonekana kwa foto.” Kitambaa changu cheupe. Mwanamke, mashine, kitambaa. Wangeona nini kingine?

Nimekaa na hicho chuma mapajani mpaka mchana. Wasichana wa Mama Katungu watakifurahia. Mimi nimechoka.

Jumatano, 22 Mei

Kaka amepiga simu. Mama Katungu ndiye aliyemtafuta. Mwisho wa mwezi kaka anateremsha viazi mjini kwa pikap, na wakati wa kurudi niwe nimefunga vitu vyangu. Nimemwambia nitampigia. Sijala.

Yesu, wewe ulikuwa fundi wa mbao. Angalia basi.

Alhamisi, 23 Mei

Ameangalia.

Mwinjilisti mmoja mzee alikuja kusali na Mama Kyakimwa, wakapita kwangu kuuona msalaba ambao haujaisha. Aliuona msumeno, akautambua. Anasema wamisionari wa zamani walileta miwili, pacha. Mmoja ulibaki hapa. Wa pili ulikwenda Mutwanga kwa fundi anayeitwa Paluku. Vita vilipofika kwao Paluku alikimbia, sasa yuko Beni, na mwinjilisti anajua mtaa wake.

Pacha. Mkono uleule. Nimeomba anirudie maneno yake, akarudia. Jumamosi naenda.

Jumamosi, 25 Mei

Beni. Nimekuja kwa pikipiki. Barabara hii hatuisemi sana. Tunaipita mchana, tukifika tunashukuru.

Nimempata. Chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya nyumba ya watu. Binti yake Masika alikuwa akifua uani. Mzee Paluku alikuwa ameketi mlangoni na kitambaa na kikopo cha mafuta, na msumeno uko mbele yake juu ya kiti, umevuliwa kitenge kinachoufunika. Rangi ileile ya kijani.

Alinieleza bila kuulizwa. Walipokimbia Mutwanga pikipiki ilikuwa moja. Alipakia msumeno, akaacha godoro na sufuria. Motere yake, ile injini ya umeme, ilikuwa imefunguliwa, iko kwa fundi wa umeme, ikabaki huko, na mpaka leo hajui iko wapi. Amejaribu nyingine, haziingii. Hii mashine inataka motere iliyozaliwa nayo. Kwa hiyo kila Jumamosi anaupaka mafuta na kuuzungusha kwa mkono usikamate kutu. Miaka yote hii.

Nikamwambia nina pacha wake Butembo. Mzee akasimama. Akauliza kama motere yangu inafanya kazi. Nikasema inafanya. Akaushika mkono wangu mbovu kwa mikono yake yote miwili.

“Mungu ni mukubwa, mutoto wangu. Umeniletea motere.”

Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo. Nami ndiye niliyepaswa kumwambia kwamba nimefuata mkono wa chini. Nilimwambia. Aliuachia mkono wangu taratibu. Alikaa, akatazama msumeno, si mimi.

“Nikikupa mukono, mimi ninabakia na nini? Chuma.”

Ana haki. Misumeno miwili, mmoja tu ndio unaoweza kupona, na sisi ni wawili. Ningekuwa yeye ningesema vilevile. Nilimsihi. Nilimweleza chumba, mwisho wa mwezi, Kipese. Naye alinieleza ya kwake. Tulikuwa kama watu wawili wanaoshindana kwa vidonda. Mwishoni akasema tuombe. Aliomba yeye, akanitaja kwa jina, akaniombea safari njema. Nilimchukia. Nilimchukia kwa sababu yeye ni mimi.

Nalala kwa rafiki wa kwaya.

Jumapili, 26 Mei

Niandike ukweli, kwani hakuna anayesoma. Nilijua atakuwa ibadani. Nilikwenda saa hiyo. Nilijiambia naenda kumuaga Masika. Ufunguo wa bolti ulikuwa kwenye mfuko wangu.

Masika alikuwa peke yake, anasonga bugali. Nilianza kuzungukazunguka na maneno. Hakuningoja nimalize.

“Beba, mama. Hii mashini ikibakia hapa, papa ataingojea mupaka atakufa. Banamwita kwa kazi ya mbao kila siku, anakataa. Beba.”

Yeye ndiye aliyeishikilia, mimi nikafungua. Bolti zilitoka bila kulia. Mafuta ya miaka yote yale. Tulipomaliza tulirudisha kitenge juu yake vilevile. Kwa nje hakuna kilichobadilika. Masika alinisindikiza mpaka barabarani, tukapeana namba.

Kwenye bariyeri mwanajeshi aliubonyeza mfuko wangu, akauliza kwa Kilingala. “Oyo eloko nini?” Nikasema ni mkono wa mashine. Akauliza, ya kushona? Nikasema ndiyo, ya kushona. Akaniruhusu nipite.

Nimefika nyumbani. Sijisikii mwizi, nimechoka tu.

Uongo. Najisikia mwizi.

Jumatatu, 27 Mei

Umeingia. Matundu yote sawa, kama haukuwahi kukaa mahali pengine. Umeme umekuwepo asubuhi yote. Nimemaliza D. Nimekata O. Mama Kyakimwa amechukua msalaba, amezipitishia kidole herufi zote, moja moja, hakusema asante. Sikuihitaji.

Mama Katungu alisikia mlio akiwa njiani, akaingia, akanikumbatia. Chumba ni changu. Nimempa ule mkono wa cherehani kwa ajili ya wasichana wake. Nimempigia kaka kumwambia asiniwekee nafasi kwenye pikap. Nadhani amefarijika kuliko mimi.

Mchana namba ya Masika iliita. Sikushika.

Jumatano, 29 Mei

Imeita tena. Sikushika. Nimekata maua ya milango miwili, kazi safi sana. Nilifikiri nikiupata mkono nitalala. Nalala vibaya kuliko zamani.

Nimewaza kuurudisha. Nimeuwaza kwa muda wa kunywa chai, kisha nikawasha mashine.

Jumapili, 2 Juni

Mama Katungu alisimama mbele ya kanisa, akataja jina langu, akasema dada yetu ana ushuhuda. Hakuniuliza kwanza. Watu walianza kupiga makofi kabla sijainuka. Mtu hawezi kukataa ushuhuda.

Nilisimama. Nikaeleza jinsi mashine ilivyovunjika, soudure, Kasindi. Watu wakacheka vizuri kwenye kitambaa. Nikafika Beni. Nikasema: nikamkuta mzee mmoja, Bwana akagusa nyumba ile, wakanipa. Kanisa zima likasema amina. Kwaya ikaanza wimbo, nami nikaimba sauti yangu ya pili, bila kukosea.

Wakanipa. Ndivyo nilivyosema, mbele ya Mungu, kwa sauti kubwa. Bora ningevunjika mimi badala ya mkono ule.

Jumanne, 4 Juni

Leo nimeshika simu. Sijui kwa nini leo.

Haikuwa Masika. Ilikuwa sauti ya Mzee Paluku. Nilianza kuomba msamaha, akanizuia. Binti yake alimweleza yote Jumapili ileile, alipotoka ibadani. Hakusema amenisamehe. Hakunilaani pia. Nikasikia kuku wa jirani yao. Kisha akauliza kama umeme uko.

Nikasema uko.

“Basi uiwashe, nisikie.”

Niliweka simu juu ya meza ya msumeno, nikawasha. Sikuwa na ubao tayari, lame ilikuwa ikikata hewa. Nikachukua kipande cha mbao ya libuyu kilichobaki, nikaanza kukizungusha, bila mchoro, kwenda popote. Sikujua nimwachie asikilize kwa muda gani. Nilikata mpaka kipande kikaisha.

Nilipoichukua simu alikuwa bado yupo. Alivuta pumzi.

“Lame inalegea, mutoto wangu. Kaza kidogo.”

Akasema asante, akakata.

Nimeikaza. Ilikuwa imelegea kweli.